Je, neno "church" limetokana na jina la mchawi wa Kigiriki?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Tumefundishwa kwamba neno la Kiingereza "church" limetokana na Kirke, mchawi katika hadithi za Wagiriki, kwa hiyo tusilitamke. Mhubiri mwingine akasema maana yake ni "walioitwa watoke". Tushike lipi? Na neno letu "kanisa" je?

JIBU: Amina, mpendwa. La Kirke si kweli hata kidogo. La pili ni kweli nusu, ila limebandikwa kwenye neno lisilo lake.

"Church" limetoka kwenye Kigiriki kyriakon, yaani "ya Bwana", kwa maana ya nyumba ya Bwana. Kyrios ni Bwana. Kiingereza cha kale kiliandika cirice. Zitazame hizo herufi: kati ya r na c ipo i, nayo ni ile ile i ya kyriakon. Jina Kirke halina irabu mahali hapo. Linafanana na kirk, neno la Waskoti kwa kanisa, kwa sababu tu irabu ile ilimezwa baadaye. Mafundisho yaliyojengwa juu ya mfanano wa sauti huwatia watu hofu bure, na hilo linaniuma.

Sasa, katika Agano Jipya kyriakos, umbo la msingi la kyriakon, limetumika mara mbili tu: chakula cha Bwana (1 Wakorintho 11:20) na siku ya Bwana (Ufunuo 1:10). Sisi tunaposoma "kanisa", Kigiriki kina neno jingine kabisa, ekklesia: ek ni "kutoka", kaleo ni "kuita". Ndipo ilipopatikana "walioitwa watoke". Lakini kufikia wakati wa mitume, watu walilitumia kwa maana ya mkutano tu. Fungua Matendo 19:32. Umati wa Efeso uliokuwa ukipaza sauti kumsifu Artemi, mungu wao wa kike, nao unaitwa ekklesia, na wengi wao hawakujua hata wamekusanyikia nini! Ukiingiza "walioitwa na Mungu" pale, mstari unaharibika.

William Tyndale, mfasiri wa Biblia kwa Kiingereza, aliliona hilo. Mwaka 1526 alitafsiri kwa neno lenye maana ya kusanyiko. Wafasiri wa Biblia ya Mfalme James, iliyotoka 1611, waliagizwa washike "church".

"Kanisa" limetufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ni Kiaramu, kwenye mzizi wenye maana ya kukusanya. Wayahudi huita sinagogi bet knesset, nyumba ya kusanyiko, kwa mzizi huo huo. Kwa maana, basi, neno letu liko karibu na ekklesia kuliko la Waingereza.

Ukisikia tena dai la namna hii, chukua itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno na mistari yalimo, yenye namba za Strong, ambazo hutambulisha kila neno la asili. Ekklesia ni 1577, kyriakos ni 2960. Soma kila mstari ulioorodheshwa chini ya namba hiyo, ukianza na ile ambayo haizungumzii waamini. Hapo ndipo dai bovu huanguka.