Jimbo linadai nini kwenye kiwanja cha shemeji?

SWALI: Habari za kazi kaka. Dada yangu na mumewe wako Florida kule Marekani, wamepata kiwanja cha nusu ekari chenye nyumba ya zamani kando ya barabara kubwa, sasa wanaokagua hati wamekuta hati ya 1944 ambayo serikali ya jimbo ilijibakizia haki ya barabara na madini. Shemeji anasema ni kawaida tu, ila mama huku halali, maana hela ya kuanzia tumechanga sisi. Jimbo linaweza kuja kuwatoa?
Dada mtu, Chumbageni, Tanga

JIBU: Mpe mama pole dada, shemeji hajakosea sana, ila nae asijibu kirahisi hivyo. Miaka ya 1930 uchumi ulivyoanguka watu kibao Florida walishindwa kodi ya ardhi, ndo 1937 ikaja sheria wanaiita Murphy Act, ardhi yenye deni la zaidi ya miaka miwili ikaenda kwa jimbo, jimbo likaiuza tena kwa bei ya chee lakini kwenye hati likajiwekea vitu viwili: nusu ya mafuta na robo tatu ya madini mengine yakipatikana, halafu njia ya barabara ya futi 200, yaani futi 100 kila upande kutoka katikati ya barabara ya jimbo iliyokuwepo siku hati inaandikwa.

Madini yasiwatishe. Sheria ya kule ilishaachia haki ya jimbo kuingia kuchimba kwenye kipande kisichofika ekari 20, na wao wana nusu ekari. Sisi huku hata hicho kipande cha madini hatuna, madini yote ni ya Jamhuri hata ukiwa na hati ya miaka 99 mkononi.

Mimi ningehangaika na barabara. Futi 100 ni kama mita 30, na watu wa Tanga mita 30 mnazijua vizuri, ndo zile zile za hifadhi ya barabara zetu tangu sheria ya 2007, ukikuta X nyekundu ukutani unajua habari imekwisha. Tofauti ni kwamba kule mwenye kiwanja anaweza kuomba jimbo liachie. Barabara ikiwa bado ya jimbo anaandikia idara ya usafirishaji ya Florida, ikiwa imeshapewa kaunti anaenda kaunti, anapeleka nakala ya ile hati na ramani ya mpima, wao wanaangalia kama wana mpango wa kupanua, kama hawana wanaachia yote au wanaachia kile kipande nyumba ilipokaa tu. Wakiachia inaandikwa na inasajiliwa pamoja na hati nyingine, sio mtu wa ofisini kukwambia kwenye simu "hamna shida mama jenga", hiyo hata Tanga haikusaidii.

Na kazi hiyo aifanye muuzaji kabla hawajamalizana, kwa sababu benki ikiona ukumbi wa mbele upo ndani ya futi 100 inaweza kugoma kukopesha. Mwambie shemeji aulize mambo mawili tu leo: hiyo barabara 1944 ilikuwa ya jimbo au ilijengwa baadae (ikiwa ya baadae hilo dai la barabara halimhusu kabisa), na ukuta wa mbele uko futi ngapi kutoka katikati ya barabara. Akipata hizo futi tuandikie tena.