Kabla ya Kuamini Mchoro Wako, Tazama Mbuzi Wanakula Wapi

Lambo ninalolisimulia liko bara ya Malindi, upande wa Langobaya. Tuta la udongo, kimo kama mita 6. Nilipoombwa nikadirie maji yanavyopenya ndani yake, nilikaa na kompyuta nikaligawa tuta visanduku, kila kimoja nikakipa kimo cha maji kilicho wastani wa majirani zake wanne. Msingi ni kanuni ya 1856 ya maji yanavyopita udongoni, ya mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyepitisha maji kwenye mchanga kule Dijon. Kinachochosha ni mstari wa juu wa maji, yaani mpaka wa udongo uliolowa ndani ya tuta, maana huujui: unaukisia, unahesabu, unausogeza, unahesabu tena.

Mstari wangu ukatokea chini kabisa upande mkavu, kwenye chujio la kokoto la kutolea maji. Nikauchapisha kwa rangi.

Mzee mmoja mchungaji akautazama, hakusema kitu, akanipeleka upande mkavu wa tuta. Kiangazi kilikuwa kimeunguza kila kitu, ila usawa wa kiuno palikuwa na ukanda wa majani mabichi. "Mwanangu, mbuzi wangu hukimbilia hapa." Nikabonyeza kidole. Tope.

Kosa langu: nilidhani udongo hupitisha maji sawasawa pande zote. Tuta hujengwa tabaka kwa tabaka, zikishindiliwa, na maji huona wepesi kufuata tabaka kuliko kuzikata. Nikajaribu upitishaji wa kulala uwe mara 9 ya ule wa kusimama. Njia ya mkato ni kuchora tuta upana wake ukiwa umegawanywa kwa 3, kisha uhesabu kama kawaida. Mstari ukapanda hadi majanini. Lakini hiyo 9 niliitafuta mpaka ikakubali, sikuipima, kwa hiyo bado si ushahidi. Chimbia tutani mabomba membamba yenye matundu chini, usome kina cha maji, ndipo ulinganishe. Desimali nne ni mbwembwe tu. Mchanga na mfinyanzi hupishana mara maelfu katika kupitisha maji.

Palipolowa usipakandike saruji wala mfinyanzi, utayafungia maji ndani na shinikizo lipande. Weka mchanga, juu yake kokoto, maji yatoke na udongo ubaki.

Halafu kinga maji hayo yanayovuja kwenye chupa inayoonyesha ndani kila wiki, uyatazame juani. Bwawa la Teton, Marekani, asubuhi ya 5 Juni 1976 lilikuwa likivuja maji ya matope, yaani yakibeba udongo wake. Kabla ya adhuhuri likabomoka. Ukiona tope chupani, achana na kompyuta, waondoe watu wa bondeni kwanza.

Chupa yetu anayo yule mzee.