Wengi wakisema kwenye kura za maoni, yaani utafiti wa kuuliza watu maoni yao, kwamba kiongozi wa upinzani hafai kutawala, ndiyo ameshashindwa?

Si lazima. Kwanza tazama swali lilivyoulizwa. Akilinganishwa na aliyeko madarakani, huyo aliyeko ana faida: watu wameshamwona akitawala. Uingereza mwaka 1979, waziri mkuu James Callaghan wa chama cha Labour alimzidi kiongozi wa upinzani Margaret Thatcher kwa mbali kwenye swali la nani anafaa zaidi kuwa waziri mkuu, na bado Conservative, chama cha Thatcher, wakashinda. 1992 mambo yakageuka: kura za maoni zilikipa Labour matumaini, ila kiongozi wake Neil Kinnock, aliyekuwa upinzani, binafsi alikuwa nyuma ya waziri mkuu John Major wa Conservative, akaanguka.

Angalia pia kundi la "sijui". Likiwa kubwa, hajakataliwa, hajajulikana tu. Na sampuli ya watu 1,000 hukosea hadi asilimia 3 hivi juu au chini, kwa hiyo kushuka kwa asilimia 2 wiki moja si habari.