Jenomu zikifanana katika mikoa miwili, tuseme kirusi kilitoka wapi?

Muulizaji ana jenomu (mfuatano mzima wa herufi za vinasaba) za kirusi cha UVIKO-19 za mikoa A na B zinazofanana herufi kwa herufi, na anataka kuandika kwamba A iliiambukiza B. Usiandike hivyo bado.

Jenomu ya kirusi hiki ina herufi karibu 30,000, na kila ukoo hupata mabadiliko takriban 2 kwa mwezi. Maambukizi yanaweza kupita kwa watu watatu mfululizo bila herufi hata moja kubadilika. Kufanana kunaonyesha udugu wa karibu, si mwelekeo. Huenda zote mbili zilitoka mkoa C ambao haukupimwa kabisa.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni uwiano wa sampuli. Mkoa wenye jenomu 400 utaonekana kuwa chimbuko mbele ya mkoa wenye 15, hata kama ukweli ni kinyume. Chagua kwa bahati nasibu idadi inayolingana na wagonjwa wa kila mkoa kwa kila wiki, rudia uchaguzi huo mara kadhaa, uone kama jibu linasimama. Ongeza pia jenomu za kwingineko za kipindi hicho hicho. Bila hizo, kirusi kilichoingia mara nne kutoka nje kitaonekana kimeingia mara moja.

Kagua na usomaji wenyewe wa jenomu maabara. Sampuli yenye Ct (idadi ya mizunguko ya PCR hadi kirusi kionekane; ikiwa kubwa, kirusi ni kichache) inayozidi 30 mara nyingi hutoa jenomu yenye mapengo. Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili wa jenomu) nazo hushindwa kunata pale mabadiliko yalipoangukia, kipande kizima kikapotea. Mahali paliposomwa chini ya mara 20 weka N, yaani herufi isiyojulikana. Ukijaza herufi ya jenomu rejea (ile ya kulinganishia), unatengeneza undugu usiokuwepo! Kila mzunguko wa usomaji uwe na sampuli tupu ya maji. Hiyo ikitoa jenomu, uchafu umeingia.

Kisha panga jenomu kwa programu ya MAFFT, jenga mti wa ukoo kwa programu ya IQ-TREE, na linganisha, kwa kuchora mstari, umbali wa kila jenomu kutoka shina la mti na tarehe yake. Jenomu iliyo mbali na mstari mara nyingi ina tarehe ya kufika maabara badala ya ya kuchukuliwa, au ni sampuli mbili zilizochanganyika.

Madai ya mwelekeo hupata nguvu jenomu za B zikikaa ndani ya tawi lenye aina nyingi za A, na wagonjwa wa kwanza wa B wakiwa na historia ya safari ya kwenda A.