Jibu: Seva inakataa watumiaji baada ya miezi minne

Ndugu, kama Windows Server 2022 yako ilikubali watu kuingia kwa Remote Desktop (kutumia seva kutoka kompyuta nyingine) vizuri miezi minne kisha ghafla ikawakataa, usihangaike na mtandao: siku 120 za matazamio, yaani za kutumia Remote Desktop bila leseni, zimekwisha. Ingia kwa amri mstsc /admin (Remote Desktop ya msimamizi), maana njia hiyo haidai leseni. Fungua lsdiag.msc (kifaa cha kukagua leseni) uone kinachokosekana, seva ya leseni (inayogawa leseni) au aina ya leseni (ya kila kifaa au ya kila mtumiaji). Vyote viwili huwekwa kwenye gpedit.msc (kihariri cha sera za Windows), halafu endesha gpupdate /force ili mabadiliko yaanze kufanya kazi.

Wengi hukwama hapa: leseni za Remote Desktop za Windows Server 2019 hazihudumii seva ya 2022. Na kama ofisi haina domeni (mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti zote pamoja), nunua za kila kifaa; za kila mtumiaji zitawakatia kazi kila baada ya dakika 60.