Mipangilio imejaa pomoni: nipunguze vipi bila kuwaudhi wateja wa zamani?

Swali: Nimetengeneza programu ya mauzo na stoo kwa maduka ya rejareja. Kila mteja alipoomba kitu niliongeza kisanduku cha kutiki, na sasa ukurasa wa mipangilio una visanduku zaidi ya 30. Wauzaji wapya wanaogopa hata kuufungua, lakini nikigusia kupunguza, wahasibu wachache wanaojua kila kona wanakuja juu. Nifanyeje? *(Msanidi programu, Mwanza)*

Jibu: Ndugu yangu, anza na vile ambavyo havikupaswa kuwepo kabisa. Visanduku vingi ni maamuzi ambayo sisi watengenezaji tuliyakwepa, tukamtwisha mteja. Na vinakugharimu: visanduku 20 tu vya ndiyo au hapana vinazaa michanganyiko 1,048,576, na hakuna anayeijaribu yote kabla ya kutoa toleo.

Bila shaka unacho cha “hifadhi kila baada ya dakika kadhaa”. Kifute, programu ihifadhi kila mauzo papo hapo. “Uliza kabla ya kufuta”? Weka kitufe cha kutendua, swali lenyewe litakufa. Idadi ya desimali kwenye bei nayo, kwa duka linalouza kwa shilingi, ni sifuri.

Vingine ni vya lazima ila vimekaa mahali pasipo pake. Chukua upana wa karatasi ya risiti, milimita 58 au 80. Muuzaji hana haja ya kuutafuta kwenye mipangilio. Muulize siku anapounganisha printa, mtolee risiti ya majaribio, kisha kumbuka jibu lake. Swali lile lile lililomtisha ukurasani linajibiwa kwa kuangalia karatasi iliyo mkononi.

Sasa wahasibu wako. Hapa kivinjari cha Firefox kina la kutufundisha. Toleo la 23, la mwaka 2013, liliondoa kisanduku cha kuzima JavaScript, lugha inayoendesha sehemu hai za tovuti, kwa sababu asiyejua akikigusa, tovuti nyingi zinaharibika na yeye anadhani kivinjari ni kibovu. Uwezo wenyewe haukufutwa: ulibaki ndani ya about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani unaofunguliwa kwa kuandika jina hilo kwenye sehemu ya anwani, kwa jina javascript.enabled. Ukurasa ule hauna uzuri wowote, lakini umepangwa kwa akili. Unatafuta kwa jina, kilichobadilishwa kinaandikwa kwa wino mzito, na kila kimoja kina kitufe cha kukirudisha kilivyokuwa. Mlangoni kuna onyo. Zamani lilitania kwamba huenda ukapoteza dhamana ya bidhaa, ingawa programu yenyewe ni ya bure.

Tengeneza ukurasa wa namna hiyo. Mlango wake usiwe wa kujikwaa nao: Android tangu toleo la 4.2 inataka uguse namba ya toleo mara saba ndipo chaguo za wasanidi zijitokeze. Kwa wahasibu mara saba ni kero, kiungo kidogo chini ya ukurasa kinatosha. La muhimu ni kuwaambia kabla ya toleo jipya kutoka kwamba vitu vyao vimehamia wapi.

Kuhusu kipi kibaki mbele: kwa ridhaa ya wateja, hesabu ni mipangilio ipi imebadilishwa na wangapi. Ila usiiabudu namba hiyo. Ukubwa wa maandishi huenda umebadilishwa na wachache sana, na bado ubaki mbele, maana asiyeona vizuri hataweza kuusaka ndani. Kinyume chake, kinachobadilishwa na karibu kila mtu kinakuonyesha kwamba chaguo-msingi lako, yaani thamani unayoiweka tangu mwanzo, ni baya. Lirekebishe.

Mwisho kuna mtego wa data. Usimfutie mtu thamani aliyojiwekea eti kwa sababu kisanduku kimehama. Firefox 23 iliiwasha tena JavaScript kwa waliokuwa wameizima, na kwa watengenezaji wake ilikuwa na mantiki, kwani wengine wangekwama bila kujua pa kuiwashia. Kwako ni tofauti: mhasibu aliyeweka bei zizungushwe hadi shilingi 50 akikuta zimeacha kuzungushwa, hesabu zake za jioni hazitaoana na droo. Soma thamani za zamani, zihamishie kwenye ukurasa mpya, kisha mpe kitufe cha kutoa mipangilio yote kama faili ili aipakie kwenye kompyuta za matawi mengine. Ukimpa hicho, hatakulalamikia sana kuhusu visanduku.