Sweta, fimbo na swali la "kwa nini"

Dada, umeuliza kama sare ndiyo inayomfunga mdomo binti yako wa S2 (kidato cha pili), aliyechapwa viboko viwili kwa kumuuliza mwalimu kwa nini sweta lisilo na mstari wa njano shingoni limkoseshe kipindi. Sare haina kosa. Kosa ni kanuni isiyoelezwa, kisha ikalindwa kwa fimbo.

Anza na viboko, maana hapo sheria iko wazi: marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yanakataza viboko shuleni hapa Uganda. Mwandikie mwalimu mkuu barua ya ukurasa mmoja: tarehe, kipindi, idadi ya viboko, nani alichapa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Wazazi wengi hulalamika kwa mdomo getini, na wiki ikipita hakuna anayekumbuka. Usipojibiwa, nenda kwa ofisa elimu wa wilaya.

Sweta ni jambo dogo: omba kanuni kwa maandishi na muda wa kununua.

Kuhoji ni haki yake, na mtaala wa sekondari ulioanza 2020 unataka hivyo hivyo. Ila swali la kanuni likirushwa mbele ya darasa lililojaa, mwalimu hulisikia kama dharau. Asubiri kipindi kiishe, aende mezani, aseme: "Mwalimu, naomba kuelewa sababu ya kanuni hii."

Nawe usimwombee radhi kwa kuuliza. Akikuona unafanya hivyo, hatauliza tena, hata hesabu asiyoielewa.